Nani Anakusubiri Alfajiri?

Februari mwaka juzi mama yangu alipimwa sukari kwenye zahanati ya karibu na nyumbani, Muheza, akaambiwa imepanda. Alipewa vidonge na tarehe ya kurudi, akaambiwa apunguze wali na afanye mazoezi. Jioni ile alinipigia simu. Habari ya vidonge aliimaliza kwa sentensi moja. Kilichomkera ni hilo neno mazoezi.

"Mazoezi gani, mwanangu? Nina miaka 61. Nikimbie barabarani, watu wanishangae?"

Nilimjibu kama mtu anayejua. Nilimwambia aanzie nyumbani, dakika 15 tu, sebuleni, mlango ukiwa umefungwa. Sikumwambia kwamba kwenye mkoba wangu kulikuwa na kadi ya jimu moja hapa Dar es Salaam, niliyoilipia miezi mitatu kutoka kwenye posho ya masomo, na kwamba katika miezi hiyo nilikuwa nimekwenda mara 11. Wala sikumwambia kwamba ushauri wa sebuleni nilishaujaribu mwenyewe. Mkeka ninao, video ninazo kwenye simu. Mkeka umegeuka kuwa mahali pa kuweka vitabu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Kwa hiyo, badala ya kukimbia, nilikwenda kusoma habari za waliokimbia. Nilitaka kujua jambo moja: watu wa zamani waliwezaje kuendelea, na walifanikiwa zaidi wapi, nyumbani au ukumbini? Jibu nililolipata lilibadilisha swali lenyewe.

Kwanza nikiri kwamba swali hili si la watu wote. Bibi yangu hakuwahi kuliuliza. Alitwanga, alichota maji, alilima, na usiku alilala usingizi wa mtu aliyechoka. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti uliowahusu, pamoja na wengine, wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi ndani ya basi moja. Lakini dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Hakuna kondakta aliyehitaji kuhamasishwa. Basi lilikuwa na abiria, na abiria walitakiwa kulipa nauli.

Mama alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na darasani alisimama. Mwaka aliofikisha 60 alistaafu, akapewa kanga na mkono wa kwaheri, na miguu yake ikakosa pa kwenda. Sukari ilipanda mwaka uliofuata. Sisemi kwamba kustaafu ndiko kulikomletea ugonjwa, maana sukari ina sababu nyingi. Nasema tu kwamba kabla ya hapo mazoezi yalimjia bila kuitwa, na baada ya hapo ikabidi ayatafute mwenyewe.

Wanaoyatafuta kwa makusudi wana historia yao. Sehemu moja muhimu ya historia hiyo ilianza Berlin. Mwaka 1806 Napoleon aliipiga Prussia vibaya huko Jena, na jeshi lililokuwa likijivunia nidhamu yake likasambaratika. Mwaka 1811 mwalimu mmoja, Friedrich Ludwig Jahn, alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, nje kidogo ya mji. Ulikuwa uwanja wa wazi wenye nguzo za kupanda, kamba, na miti ya kuning'inia. Vijana walivaa nguo za kitani zinazofanana, ili mtoto wa tajiri asitofautishwe na mtoto wa fundi, na waliitana kwa namna wanavyoitana ndugu. Jahn hakuwa malaika. Uzalendo wake ulikuwa na chuki nyingi ndani yake, kwa Wafaransa na kwa Wayahudi. Lakini vijana walikuja, wakarudi, na viwanja kama hivyo vikaenea katika miji mingine.

Kisha serikali ikaingiwa na hofu. Mwaka 1819 mwanafunzi aliyeitwa Karl Sand, aliyekuwa mmoja wa wanamazoezi hao, alimuua mwandishi August von Kotzebue. Mwaka huohuo Jahn alikamatwa, na mwaka 1820 Prussia ikapiga marufuku viwanja vyake. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1842.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Mfalme hakuogopa misuli. Hakuna mtawala aliyewahi kumwogopa mtu anayeinua mikono peke yake chumbani. Kilichoogopwa ni vijana kuzoea kukutana mahali pamoja, saa ileile, bila kuitwa na serikali.

Ukidhani hayo ni mambo ya Ulaya ya kale, panda Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Huko kukimbia kwa makundi wikiendi ni desturi ya siku nyingi. Watu hupanda na kushuka vilima wakiimba. Machi 2014 mbio za namna hiyo za wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD ziliishia katika mapambano na polisi, na watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka huohuo mbio za makundi jijini zikapigwa marufuku, isipokuwa katika viwanja vilivyotengwa. Kati ya Berlin na Bujumbura kuna karibu miaka 200, lakini hofu ni ileile.

Kwa hiyo mazoezi ya pamoja yana nguvu, na nguvu hiyo si ya mwili peke yake. Wafanyabiashara nao waliiona. Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg, alianza kama mtu wa maonyesho ya nguvu. Mwaka 1897 alifungua taasisi yake ya mazoezi mtaa wa St James's, London, kwa ajili ya watu wenye fedha. Mwaka 1901 aliandaa shindano la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, na mmoja wa waamuzi wenzake alikuwa Arthur Conan Doyle, yule aliyemuumba Sherlock Holmes. Lakini Sandow hakuuza ukumbi tu. Kwa asiyeweza kufika London aliuza vitabu, gazeti, vyuma vidogo, na mipira ya kuvuta ambayo mtu angeifunga mlangoni kwake. Aliyetaka ukumbi aliuziwa ukumbi, na aliyetaka nyumbani aliuziwa vya nyumbani. Huenda yeye ndiye mtu wa kwanza kuelewa kwamba ubishi wetu wa leo ni biashara nzuri kwa pande zote mbili.

Na biashara hiyo ina siri yake. Mwaka 2006 wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti wa zaidi ya wanachama 7,000 wa jimu tatu za Marekani. Waliolipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walikwenda kwa wastani mara 4 na kidogo tu. Kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali palepale mlangoni wangeweza kununua tiketi ya safari 10 kwa dola 10 kila safari. Hawakuwa wajinga. Walipokuwa wakilipa, kila mmoja alimlipia mtu anayetarajia kuwa, si mtu aliye. Niliposoma hayo nilitoa kadi yangu mkobani nikaitazama. Nilikuwa nimelipa ili nisiwe mtu anayekaa. Mwenye jimu alipokea fedha, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kujua kama nimefika.

Basi nyumbani je? Mtetezi mkubwa wa nyumbani alikuwa Mdenmark, Jørgen Peter Müller. Mwaka 1904 alitoa kitabu kidogo alichokiita Mfumo Wangu. Ahadi yake ilikuwa dakika 15 kwa siku, bila vyuma, bila ukumbi, bila mwalimu. Dirisha liwe wazi, nguo ziwe chache, na mtu ajisugue ngozi baada ya kuoga. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Ushauri niliompa mama kwenye simu, hadi idadi ya dakika, ulikuwa wa Müller, nami sikujua.

Mmoja wa wafuasi wake alikuwa karani wa bima mjini Prague, kijana mwembamba asiyeupenda mwili wake. Jina lake Franz Kafka. Alifanya mazoezi ya Müller mbele ya dirisha lililo wazi, hata wakati wa baridi, kwa miaka kadhaa. Ungedhani huyu ndiye ushahidi kwamba mtu anaweza peke yake. Lakini tazama alichofanya alipompenda Felice Bauer, aliyekuwa akiishi Berlin. Miongoni mwa mambo aliyomsisitizia katika barua zake ni kwamba naye afanye mazoezi ya Müller, yale yaliyotungwa kwa ajili ya wanawake. Hata Kafka, hodari wa upweke kuliko wote, alitaka pawe na mtu mwingine, katika mji mwingine, anayeinua mikono kama yeye.

Na Müller mwenyewe? Mwaka 1912 alihamia London, akafungua taasisi. Mtu aliyewaambia watu kwamba hawahitaji ukumbi alifungua ukumbi.

Hadi hapo nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba nyumbani na jimu si pande mbili za jambo moja. Redio ndiyo iliyonihakikishia. Mwaka 1925 kampuni ya bima ya Metropolitan Life, New York, ilianza kurusha mazoezi ya asubuhi redioni. Hesabu yake ilikuwa rahisi, kwa kuwa mteja wa bima ya maisha akichelewa kufa, kampuni inachelewa kulipa. Idara ya bima ya posta ya Japani ilipendezwa na wazo hilo. Novemba 1928, katika sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Hirohito, redio ya NHK ilianza kurusha mazoezi yake yenyewe kwa mlio wa piano, na Egi Riichi akihesabu. Watumishi wa posta walisaidia kuyafundisha vijijini.

Kila mtu angeweza kubaki ndani kwake na redio yake. Lakini haikupita miaka mingi watu wakaanza kuitoa redio nje. Walikusanyika viwanjani, shuleni, na kwenye nyua za mahekalu. Watoto walio likizo hupewa kadi ya kuning'iniza shingoni, na kila asubuhi anayefika hugongewa muhuri. Ni muhuri tu, hauna thamani yoyote dukani. Hata hivyo wapo wazee wa Japani wanaoikumbuka kadi hiyo kuliko masomo ya darasani. Mazoezi hayo bado hurushwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wastaafu husimama bustanini wakinyoosha mikono kwa muziki ambao umekuwapo tangu 1951.

Nasema tangu 1951 kwa sababu muziki wa mwanzo uliachwa. Katika miaka ya 1930 na wakati wa vita, serikali ya kijeshi iliyatumia mazoezi hayo kuwafundisha raia kutii kwa pamoja, na iliyapeleka hadi kwa watu iliowatawala, Korea na Taiwan. Baada ya kushindwa kwa Japani yakasimamishwa, kisha yakarudi kwa sura mpya. Sauti inayokuamsha kwa upole inaweza kuwa sauti inayokuamuru. Inategemea itakufanya nini usipoamka.

Hapo nikakumbuka mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa: giza halijaisha vizuri, mistari miwili miwili, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia, vumbi mbele na vumbi nyuma. Tulikimbia vizuri. Tulikimbia kwa sababu langoni alisimama mwalimu wa zamu na fimbo, akiwasubiri wachelewaji. Siku tuliyomaliza darasa la saba tuliacha, karibu wote, siku hiyohiyo. Fimbo ilijua tusipokuja, lakini haikutufundisha kutaka kuja. Kilichobaki kichwani mwangu ni nyimbo na yule niliyekimbia naye mstari mmoja, si mbio zenyewe.

Nilipomsimulia mama habari hizi kwenye simu, alicheka.

"Mwalimu wa zamu mwenyewe si ndiye mimi?"

Kweli. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa amesimama langoni akihesabu mbio za watoto wa wenzie.

Baada ya hapo niliipitia historia ya karibu nikiwa na jicho jingine. Jane Fonda alifungua studio ya mazoezi Beverly Hills mwaka 1979, na mwaka 1982 akatoa kanda ya video iliyowapeleka wanawake wengi wa Marekani sebuleni. Lakini ukiitazama kanda yenyewe, Fonda hayuko peke yake. Nyuma yake kuna darasa zima, linashangilia na kutokwa jasho. Aliyenunua kanda hakununua upweke wa sebule yake, alinunua nafasi katika darasa. Machi 2020, dunia ilipojifungia, Mwingereza Joe Wicks alianza kufundisha watoto mazoezi kwa intaneti kila siku ya kazi saa tatu asubuhi ya London. Video ilibaki pale, na yeyote angeweza kuitazama jioni. Hata hivyo, siku moja ya wiki ile ya kwanza, majumba zaidi ya 900,000 yaliifungulia saa ileile.

Sasa naweza kuliweka swali kama ninavyoliona. Si kwamba nyumbani ni bora au jimu ni bora. Vyuma vya zege vya jimu za mtaani vinajenga mwili sawa na vile vya hoteli, na pushapu ya sebuleni ni pushapu. Swali ni hili: nani atajua usipokuja, na akijua atafanya nini? Jimu yangu haikujua. Mkeka wangu haukujua. Polisi wa Prussia walijua mno. Mwalimu wa zamu alijua, akachapa. Muhuri wa Japani unajua, na haufanyi lolote zaidi ya kuacha nafasi wazi kwenye kadi.

Tulianza Mei, baada ya mvua kubwa kupungua. Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umevaa viatu?"

Tuliweka simu zetu mezani kwa sauti ya juu, yeye Muheza, mimi chumbani kwangu Dar. Nilikuwa nimejiandaa kumwongoza. Hakunipa nafasi. Alianza kuhesabu kwa sauti ya uwanja wa shule, moja hadi nane na kurudi, mikono juu, mikono pembeni, kama alivyohesabia watoto wa halaiki. Wiki ya kwanza tulimaliza dakika 9. Wiki ya tatu tulifika 20. Nilikuwa nikiamka kabla ya kengele, si kwa kupenda jasho, bali kwa kujua kwamba mwanamke wa miaka 61 amesimama sebuleni kwake na kanga kiunoni, akitazama simu isiyoita.

Sitaki kulifanya jambo hili lionekane zuri kuliko lilivyo. Mtandao ulikatika asubuhi nyingi. Wakati wa mitihani nilikosa karibu wiki mbili. Sukari ya mama ilishuka, ikapanda tena baada ya msiba wa mjomba, ikashuka. Vidonge anaendelea navyo, na daktari amemwambia asiviache hata akijisikia mzima. Lakini katika zile wiki mbili nilizokosa, mama hakuacha. Jirani yetu, Mama Zuhura, alimsikia akihesabu peke yake alfajiri, akabisha hodi kuuliza kama kuna usalama. Siku ya pili alikuja na viatu vya raba vya mwanawe. Sasa wako wanne. Wameshatoka sebuleni, wanatembea hadi barabara kuu na kurudi kabla jua halijachomoza. Watu waliwashangaa siku chache, kisha wakazoea.

Nilikwenda Muheza Desemba iliyopita. Juu ya kabati la vyombo nilikuta daftari la kurasa 40, lile la wanafunzi, limepigwa mistari kwa rula kama kitabu cha mahudhurio. Majina yalikuwa matano, na la tano lilikuwa langu. Mbele ya majina ya wale wanne, alama za vema zilijaa mstari hadi mstari. Mbele ya langu palikuwa na nafasi wazi nyingi.

"Mama, hata mimi?"

"Wewe si uko darasani mwangu?" Alikuwa akifunga kamba za viatu, hakuinua kichwa. "Mimi sikuchapi, mwanangu. Naandika tu."

Kesho yake nilitoka nao. Giza lilikuwa halijaisha vizuri.